Jinsi ya kuandika muvi ya ugomvi wa dini: wapi watu wacheke, wapi walie

Kuna mama mmoja kwenye muvi ya Lebanon, anaitwa Takla, mwanae mdogo Nassim kaletwa nyumbani akiwa maiti, risasi imempata njiani wakati ametumwa bidhaa mjini, na huyu mama hapigi ukunga wala haiti majirani. Mwili unafichwa kisimani alafu kijiji kizima kinaambiwa mtoto ana matubwitubwi asisogelewe. Matubwitubwi! Siku ya kwanza naiangalia hiyo sini nilianza kucheka, cheko ikakatika katikati, nikawa nalia na bado kuna kitu kinanichekesha, nikasimamisha muvi nikakaa kimya kama dakika kumi hivi.

Muvi yenyewe ni W Halla' La Wein, yaani sasa twende wapi, wengi wanaijua kwa jina la Where Do We Go Now?, ameiongoza Nadine Labaki mwaka 2011 na yeye mwenyewe anacheza ndani yake kama Amale mwenye mgahawa. Ilionyeshwa tamasha la filamu la Cannes mwaka huohuo, na kwenye lile la Toronto ikabeba tuzo ya watazamaji. Ni kijiji kimoja kimejitenga mlimani, kimezungukwa na mabomu ya ardhini, msikiti na kanisa viko karibu kabisa, wanaume wanataka kupigana na wanawake wa dini zote mbili wanafanya kila ujanja wasipigane. Nimeirudia mara nyingi nikiwa na daftari kwa sababu na mimi nina skripti ya aina hiyo mkononi, na haya hapa chini ndo yaliyomo kwenye hilo daftari, nimeyapanga kwa hatua ili na wewe unayeandika uyatumie.

Kabla ya hatua zenyewe, kitu kimoja ukikamate. Wengi wetu tunadhani kubalansi komedi na huzuni ni kupima kama chumvi, sini nzito mbili alafu unatia kituko kimoja watu wapumue. Nimeandika hivyo miaka mingi na haifanyi kazi kwenye stori za dini, kwa sababu kituko kinakuwa kama mgeni aliyekosea nyumba. Kinachofanya kazi ni kicheko na kilio vitoke sehemu moja, ukaidi uleule unaochekesha mwanzoni ndo uue mtu baadaye. Ukilipata hilo, suala la sini ngapi za kucheka na ngapi za kulia linajipanga lenyewe.

Hatua ya 1: tafuta kitu kidogo kinachoanzisha ugomvi

Chukua karatasi andika sentensi moja, "hawa watu wanagombana kwa sababu ya..." alafu umalizie. Kama umemalizia na neno dini au imani au chuki, bado hujapata, rudi tena. Lazima kiwe kitu unachoweza kukishika au kukipiga picha. Labaki ana msalaba unaovunjika kwa bahati mbaya, ana mbuzi walioingia msikitini wakachafua mikeka. Mbuzi! Huwezi kuacha kutabasamu ukiona mbuzi wamejaa msikitini, lakini ukiangalia sura za wazee wanaoingia kuswali unaona tayari mtu atakuja kuumia.

Sisi wenyewe tunajua. Vurugu za Mbagala, Dar es Salaam, Oktoba 2012 zilianza na ubishi wa watoto juu ya Msahafu, watoto kabisa, wale wa kubishana njiani wakitoka shule, na mwisho wake makanisa yalivamiwa na kuchomwa. Sisemi ukachukue tukio hilo ukalitengenezee komedi, hapana, wale watoto na familia zao wapo na wanaishi. Nasema angalia umbali kati ya mwanzo na mwisho, ule umbali ndo muvi yako. Kitu kikiwa kidogo sana na matokeo makubwa sana, mtazamaji atacheka mwanzoni na baadaye atajuta kwamba alicheka, na ile kujuta ndo unayoitafuta.

Kwenye skripti yangu kitu chenyewe ni kaburi. Mwanaume mmoja anaitwa Daudi, fundi baiskeli, kazaliwa kwenye familia ya Kiislamu, akaenda kanisani alipooa, miaka ya mwisho wengine wanasema walimuona msikitini, na jina lake halikusaidii chochote maana Daudi wapo pande zote. Anakufa ghafla. Asubuhi makaburi mawili yamechimbwa.

Hatua ya 2: amua nani achekwe

Hapa ndo pa kukaa muda mrefu kuliko pote, usipaharakishe.

Mimi naandika majina ya wahusika wote alafu pembeni ya kila mmoja naandika kasoro yake ya kibinadamu, kiburi, woga, uchoyo, unafiki, kupenda sifa, ubishi. Hizo ndo zinachekwa. Vitu visivyoguswa ni sala ya mtu, maiti, na yule aliyeonewa. Ukimcheka mtu anaposujudu au anapopokea komunyo umeshampoteza nusu ya watazamaji wako na hawarudi tena, hata kama kituko kilikuwa kizuri kiasi gani.

Angalia Labaki alivyotembea kwenye huu mstari mwembamba. Kuna Yvonne, mke wa mwenyekiti wa kijiji, anajifanya anaongea na Bikira Maria, anatoa ujumbe kutoka mbinguni ili wanaume watulie. Watu wanacheka sana. Lakini wanamcheka Yvonne na uongo wake, hawamcheki Maria, na ushahidi ni kwamba baadaye Takla aliyefiwa anaingia kanisani anasimama mbele ya sanamu ya huyohuyo Maria anamfokea kama mama anayemfokea mama mwenzake, na ukumbi mzima unanyamaza. Maria yuleyule, mara ya kwanza tulicheka, mara ya pili hakuna anayecheka. Kama ile sini ya kwanza ingekuwa imemdhihaki Maria mwenyewe, hii ya pili isingewezekana kabisa. Kwa hiyo kila ukiweka mzaha jiulize, je kesho nikitaka kitu hikihiki kiwe kitakatifu kitakubali?

Mfano mwingine ni Timbuktu ya Abderrahmane Sissako, ya 2014, kuhusu ule mji wa Mali wapiganaji walipouteka 2012. Wapiganaji wamepiga marufuku mpira, alafu wao wenyewe wamekaa wanabishana habari za Zidane na Messi kama vijana wa kijiweni. Hapo unacheka, na unawacheka wenye bunduki. Baadaye vijana wa mji wanacheza mechi nzima bila mpira, wanakimbia, wanapiga pasi hewani, wanashangilia goli ambalo halipo. Hapo hucheki mtu, unatabasamu na koo linakaba. Mwenye nguvu anachekwa na mnyonge tunacheka naye, ukichanganya hizo mbili skripti imekufa.

Kipimo ninachotumia: chukua kituko ulichoandika juu ya dini ya mwenzako, badilisha uweke dini yako, mama yako mzazi awe amekaa pembeni yako anaangalia. Bado kinachekesha? Kama umeona aibu, kifute.

Hatua ya 3: chora safu mbili

Karatasi, mstari katikati, dini moja huku nyingine kule. Kila upande hesabu wajinga wangapi, wenye busara wangapi, nani alianza, nani alilipiza, nani alikufa, nani kapewa utani mzuri. Haimaanishi hesabu ilingane kama duka, lakini ukikuta upande mmoja una wajinga watano na mwingine mmoja basi umeandika hasira yako, sio muvi. Kwa Labaki padri na imamu wote wawili ni watu wazuri na wanashirikiana na wale wanawake kwenye ule ujanja, huo uamuzi mmoja tu umemuokoa na lawama nyingi.

Mimi hili nililipata kwa maumivu. Drafti yangu ya kwanza nilikusanya watu nane tukaisoma kwa sauti, kila mtu na nafasi yake. Shehe wangu alikuwa na kigugumizi na anapenda pilau, mchungaji alikuwa mtu wa hekima anaongea taratibu. Sikuona tatizo kabisa wakati naandika. Tulipofika ukurasa wa kumi na mbili nikagundua wanaocheka ni upande mmoja wa meza, upande wa pili wameinama wanasoma tu. Mama mmoja mtu mzima alipomaliza akaniambia kwa upole, mwanangu, kwetu kaburi lilikaa wazi siku mbili kwa ugomvi kama huu, na shehe wetu ndo aliyekuwa anabembeleza watu wasipigane. Hakusema zaidi. Nilirudi nyumbani nikaandika upya kuanzia ukurasa wa kwanza, sasa hivi shehe na mchungaji walisoma darasa moja shule ya msingi na wote wawili wanaogopa waumini wao, na kuogopa waumini kunachekesha kuliko kigugumizi mara mia.

Hatua ya 4: atakayekufa awe ndiye aliyetuchekesha

Nassim kabla hajafa tunamuona na binamu yake Roukoz kwenye pikipiki, wanaenda wanarudi, wanaleta bidhaa na habari na vurugu za ujana. Tumemzoea kama anavyozoeleka kijana wa bodaboda wa mtaani kwako. Alafu anakufa akiwa kazini, sio vitani, risasi haikumlenga hata yeye. Hakuna muziki wa kututayarisha, hakuna mama aliyeota ndoto mbaya usiku.

Kwa hiyo mpe huyo mtu kazi ya kila siku, mpe mazoea fulani tuyacheke, na umuue katikati ya hiyo kazi. Mmoja anatosha. Nimeona skripti zinaua watu ishirini ili mtazamaji ahuzunike, na mtazamaji anaanza kuhesabu. Daudi wangu anaanza muvi akiwa kafa, nikajikuta sina kicheko cha kumfungamanisha na mtazamaji, ikabidi nimtengenezee baiskeli: kila anayekuja msibani kumbe alimpa Daudi baiskeli atengeneze na hajarudishiwa, baiskeli kumi na saba uani, kila mtu anaulizia yake kwa aibu huku analia. Hapo akawa mtu.

Hatua ya 5: baada ya kifo, kicheko kibadilishe kazi

Wengi wanafunga komedi pale mtu anapokufa, wanaona ni heshima. Mimi naona ni kosa, na nasema hivyo kwa sababu nimekulia mahali penye watani.

Kama umezika mtu kwenye familia yenye watani umeona. Mtani anafika msibani, watu wana uchungu, yeye anaingia kaburini anajilaza anasema hatoki mpaka alipwe, au anamuigiza marehemu alivyokuwa anatembea, na mjane aliyekuwa hajala tangu jana anacheka, alafu analia kilio ambacho kilikuwa kimekwama. Na kumbuka utani mwingine umezaliwa na vita, Wahehe na Wangoni walipigana kwelikweli karne ya 19 na leo ni watani. Mtani sio mchekeshaji wa kukodi. Ana kazi, kazi yake ni kuwafanya waliobaki wasife pamoja na aliyekufa, na anajua dakika ya kunyamaza, jeneza likianza kushuka hutamsikia.

Sasa rudi kwa Labaki. Kabla ya kifo wanawake wanaharibu TV ili wanaume wasisikie habari za mapigano, ni mchezo, ni utundu. Baada ya Nassim kufa wanaendelea na vituko, wanaoka mikate na vitafunwa vyenye bangi huku wanaimba jikoni, wanaume wale walewe ili silaha zao zikafichwe. Ni sini ya kuchekesha sana, labda kuliko zote, lakini kumbuka chini yake kuna maiti kisimani. Mikono inayokanda unga imetoka kulia. Kituko ni kilekile cha kudanganya wanaume, ila mwanzoni kilikuwa cha kupitisha siku na sasa kikishindwa watu wanachinjana.

Na kuna hatua moja mbele zaidi. Kaka yake Nassim, Issam, akigundua anataka kwenda kulipiza, na mama yake mzazi anachukua bunduki anampiga risasi ya mguu asiweze kutoka. Hakuna anayecheka hapo. Lakini ukiitazama vizuri, ni ujanja uleule wa TV na ule wa mikate, mwanamke anamzuia mwanaume wake asiende kufa, safari hii ujanja umeishiwa mbinu imebaki bunduki. Ndo maana inauma, kwa sababu tulikuwa tumezoea kucheka kila wanawake wakifanya hivi.

Kwa vitendo: andika orodha ya vituko vyako vyote kwa mpangilio, na mbele ya kila kimoja andika kinazuia nini. Kama kituko hakizuii kitu wala hakimuokoi mtu, kitoe au kipeleke kabla ya kifo. Na kila kituko kinachofuata kiwe na hatari kubwa kuliko kilichotangulia, mpaka ufike ambacho sio kituko tena.

Hatua ya 6: uigizaji, sauti na kukata

Hapa fupi. Mwambie mwigizaji wako wa komedi asijue kwamba anachekesha. Marehemu King Majuto alikuwa mzuri sana hapo, anakasirika kwelikweli na wewe ndo unacheka. Toa ile milio ya vichekesho tuliyoizoea kwenye muvi zetu, ile ya kuashiria hapa cheka, kwenye stori ya dini inakuwa kama unamdhihaki mhusika. Kati ya kicheko na habari ya kifo usiweke muziki wowote, acha sauti ya mazingira tu, kuku, upepo, mtu anaosha vyombo mbali. Na usikate haraka kwenda kwenye uso wa anayelia, kaa kwanza na yule ambaye bado hajajua na bado anacheka.

Hatua ya 7: jua lini uache komedi kabisa

Sio kila tukio linabeba kicheko. Mandera, Kenya, Desemba 2015, al-Shabaab walisimamisha basi wakataka Waislamu na Wakristo watenganishwe, abiria Waislamu wakakataa, wanawake wakawapa Wakristo hijabu wajifunike. Mwaka mmoja nyuma, Novemba 2014, basi lingine hukohuko watu 28 waliuawa. Muvi fupi ya Watu Wote ya 2017 imesimulia hilo la 2015 kwa Kiswahili na Kisomali, ikafika mpaka kuteuliwa Oscar 2018, na haina mzaha, na naona ni sawa kabisa. Muda ni mfupi, jeraha bado bichi, wahusika wa kweli wana familia. Komedi inataka nafasi ya mtazamaji kuwazoea watu. Ukiwa na dakika ishirini na kifo cha kweli cha juzi, nyamaza kicheko.

Njia nyingine ni ya Labaki, kijiji chake hakitajwi kiko nchi gani. Kila mtu anajua ni Lebanon, nchi iliyopigana yenyewe kwa yenyewe 1975 mpaka 1990, lakini kwa kutotaja hakuna familia inayosema huyu ni ndugu yetu. Mimi kijiji changu nimekibuni.

Hatua ya 8: wasomee wenyewe, kila upande kivyake

Tafuta mtu mmoja wa dini kila upande, mtu anayeheshimika na anayependa stori, umsomee peke yake kabla hujamuonyesha produsa. Peke yake kwa sababu mbele ya wengine atalazimika kulinda upande wake. Muulize maswali madogo tu, hii salamu ni sahihi, maiti inavalishwa hivi, nani anaingia kaburini kuipokea. Makosa ya taratibu yanawaudhi watu kuliko mzaha wenyewe. Alafu kibali, Tanzania skripti inapitia Bodi ya Filamu chini ya sheria ya 1976 na Kenya kuna KFCB, bodi yao ya filamu, na mimi nashauri uende na barua ya hao wazee wawili mkononi, angalau msomaji wa skripti ajue haujaandika gizani.

Hatua ya 9: mwisho usiwe wa kushikana mikono

Nawaomba sana hapa. Tumechoka na ule mwisho wa shehe na mchungaji kukumbatiana alafu maandishi ya amani na upendo yanapanda kwenye skrini. Labaki kamalizaje? Usiku mmoja wanawake wanabadilishana dini, wanaume wanaamka wanakuta mama aliyekuwa Mkristo kavaa hijabu anaswali, na aliyekuwa Mwislamu yuko na msalaba, sasa mtapigana na nani, adui yuko ndani kwako na kakuzaa. Unacheka. Alafu wanambeba Nassim kwenda kuzika, makaburi yamegawanywa, Wakristo huku Waislamu kule, na waliobeba jeneza wanasimama katikati ya njia wanageuka kuuliza, sasa twende wapi? Hawajibiwi. Muvi imeisha.

Mwisho wako utafute kwenye kile kitu kidogo cha hatua ya kwanza, ukirudishe, bila kukitatua. Mimi nilikuwa na kukumbatiana, nimekufuta. Sasa hivi jua linazama, adhana ya magharibi inaanza na kengele ya kanisa inagonga, wanaume bado wanabishana pembeni ya makaburi mawili, baiskeli zimeegeshwa kila mahali, na mama yake Daudi anamnyang'anya kijana mmoja jembe, anaanza kufukia kaburi moja peke yake, pole pole, na kamera iko chini sana, tunaona miguu yake na udongo unavyoanguka, hatuoni ni lipi.